Kiwanja chako hakijahama: namba zake zinahesabiwa kutoka wapi?

Watu wananitumia picha za skrini. Wamechukua hati ya kiwanja, wakaandika kwenye ramani ya simu kodineti (namba zinazoonyesha mahali) za bikoni, yaani mawe ya mipaka, na alama imeangukia kwenye paa la mtu mwingine, katikati ya barabara au mtoni kabisa. Ujumbe unaofuata huwa mfupi: "Dada, nimeibiwa?"

Mimi ni mpima ardhi. Nafanya kazi zaidi Morogoro na mkoa wa Pwani, na siku hizi swali hilo linanijia mara nyingi kuliko migogoro ya mipaka yenyewe. Linatoka kwa watu waliolipia hati kwa jasho, na wanastahili jibu kamili. Nimeamua kuliandika lote hapa. Wapima wenzangu watanivumilia pale ninapoeleza wanayoyajua, maana sehemu ya pili ya andiko hili nawaandikia wao, na ofisi zinazotusimamia.

Kiwanja hakijahama, na mara nyingi hakuna aliyekuibia. Namba za kwenye hati na ramani ya kwenye simu zimehesabiwa kutoka sehemu mbili tofauti.

Nichukue mfano wa mzee mmoja wa Kihonda, Morogoro, mstaafu wa reli. Hati yake ni ya miaka ya 1980, ameitunza kwenye faili la kaki, ndani ya mfuko wa nailoni ili isipate unyevu. Mjukuu wake aliingiza kodineti kwenye simu, alama ikaenda kuangukia kwenye uwanja wa shule, kaskazini ya nyumba. Mzee akakosa usingizi. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa akanikabidhi faili. "Mwanangu, niambie ukweli tu. Nyumba hii nimejenga kwenye ardhi ya nani?"

Nikamwomba kwanza tutoke nje tukatafute mawe. Kona ya nyuma ilikuwa imemezwa na michongoma. Mjukuu akafyeka kwa panga, akachimba kidogo kwa jembe, na bikoni ikatokea: kichwa cha zege, nondo katikati imeshika kutu, na namba iliyogandamizwa kwenye zege wakati bado bichi, inasomeka kwa kupapasa kwa kidole. Ni namba ile ile iliyoandikwa kwenye ramani ya hati. Bikoni ya pili ilikuwa pembeni ya geti, imetokeza kama inchi mbili juu ya ardhi. Tukavuta tepu kati ya hizo mbili: mita 30 na sentimita 2. Ramani inasema 30.00. Aliyepima kiwanja hicho miaka ile alifanya kazi safi, na mawe yake yamekaa pale pale alipoyaacha.

Kisha nikachukua kodineti za hati, nikazigeuza kutoka kwenye mfumo wa zamani kwenda kwenye ule unaotumiwa na simu, nikamwambia mjukuu aandike namba mpya. Alama ikahama kutoka uwanja wa shule, ikaja kutua karibu na geti, ndani ya zile mita chache ambazo simu ya kawaida hukosea. Mzee aliiangalia skrini kwa muda, halafu akauliza swali ambalo ningependa liulizwe pia maofisini: "Sasa kwa nini hawaandiki kwenye hati?"

Ukweli ni kwamba karatasi ile haisemi popote namba zake zimehesabiwa kwa mfumo gani. Wakati ule mfumo ulikuwa mmoja, kila mpima aliujua, hapakuwa na haja ya kuutaja.

Tueleze basi huo mfumo. Dunia si mpira kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha mbili. Ili uandike mahali kwa namba lazima kwanza mkubaliane umbo la kuhesabia, ukubwa wake, na pale kuhesabu kunapoanzia. Makubaliano hayo tunayaita datumu. Upimaji wa zamani wa Tanzania, na sehemu kubwa ya ramani za Kenya na Uganda, umekaa juu ya datumu ya Arc 1960. Umbo lake ni la Clarke la mwaka 1880, ambalo kutoka kitovuni hadi ikweta lina mita 6,378,249. Simu yako inatumia WGS84, yenye mita 6,378,137. Tofauti ya mita 112 si kitu kikubwa kwa dunia nzima. Shida kubwa zaidi ni kwamba vitovu vya maumbo hayo mawili haviko mahali pamoja. Kwa thamani za wastani zilizomo kwenye programu nyingi za ramani, kuvilinganisha inabidi usogeze mita 160 kwenye mhimili mmoja, 6 kwenye wa pili, na 302 kwenye ule wa kaskazini na kusini. Ukizipeleka hesabu hizo hadi Morogoro, namba ya Arc 1960 ikiandikwa kwenye ramani ya WGS84 bila kugeuzwa huangukia kama mita 300 kaskazini na kama mita 90 magharibi ya mahali penyewe. Ukikuta kiwanja chako kwenye simu kimesogea hivyo, na hati yako ni ya zamani, hiyo ndiyo sababu.

Napenda kuwasimulia watu namba hizo zilivyotufikia, kwa sababu nyuma yake kuna kazi ya ajabu. Mwishoni mwa karne ya 19 David Gill, mwanaastronomia wa Cape, Afrika Kusini, alianza kusukuma wazo la safu ya pembetatu kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ikifuata meridiani (mstari wa longitudo) ya digrii 30 mashariki. Kipande cha magharibi mwa Tanganyika kilipimwa na kikosi cha Martin Hotine kati ya mwaka 1931 na 1933. Pengo la mwisho, kule Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Watu walibeba teodolaiti hadi vileleni, wakasoma pembe kutoka mlima mmoja hadi mwingine, na kila pembetatu ikazaa inayofuata. Mwanzo wa hesabu uko Buffelsfontein, Afrika Kusini. Ile bikoni iliyofunikwa na michongoma Kihonda imepata namba zake kwa kurithishana, mlima kwa mlima, kutoka huko.

Nguzo nyingi za milimani zimeshavunjwa. Baadhi zimechimbuliwa na watu wanaoamini kwamba Mjerumani alifukia dhahabu chini yake. Nimefika kwenye kilele nikakuta shimo la urefu wa mtu na vipande vya zege vimetapakaa kuzunguka. Chini ya nguzo ya upimaji hakuna dhahabu. Huwa kuna alama nyingine tu, iliyofukiwa makusudi ili ya juu ikiharibika ya chini ibaki, na wachimbaji huiondoa hiyo pia. Nguzo moja ikifa, wilaya nzima inapoteza mahali pa kuanzia. Natamani wenyeviti wa vijiji wangepewa orodha ya nguzo zilizomo kwenye maeneo yao na kuambiwa wazi ni za nini.

Hapo ndipo setilaiti zilipotuokoa, na hapo hapo ndipo kazi yetu ilipoanza kuvurugika kwa namna mpya.

Setilaiti za GPS zinazunguka kilomita 20,200 juu yetu, na leo zimeungana na za Galileo za Ulaya, GLONASS za Urusi na BeiDou za China. Hazijui mlima wowote wa Tanganyika, zinahesabu moja kwa moja kutoka kitovu cha dunia. Hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Siku hiyo ikaacha, na kifaa cha mkononi kilichokuwa kinakosea hadi mita 100 kikaanza kukosea mita kumi na kidogo. Mpima hawezi kufanya kazi na makosa ya mita kumi, kwa hiyo sisi tunatumia mashine mbili: besi inakaa mahali pamoja juu ya nukta inayojulikana, rova inazunguka kwenye mipaka. Besi inalinganisha inachosikia kutoka angani na mahali inapojua ipo, inapata kosa, inalituma kwa redio au intaneti, na rova inajisahihisha. Mashine ikishafiksi, yaani ikishatulia kwenye jibu la uhakika, unapata sentimita moja au mbili papo hapo. Kazi ya siku tatu kwa teodolaiti na cheni inaisha asubuhi moja.

Lakini soma tena sharti: juu ya nukta inayojulikana. Nukta hizo ni chache, ziko mbali, nyingine zimeng'olewa, na kuzipata kwenye ofisi kunachukua barua na kusubiri. Kijana ana kazi ya urasimishaji, mitaa miwili, wananchi wamechanga, mwenyekiti anapiga simu kila siku. Kwenye kidhibiti cha mashine kuna chaguo linaloiruhusu besi ijipe yenyewe kodineti, kwa kukisia kutokana na setilaiti peke yake. Anabonyeza, na ndani ya dakika moja kazi inaanza. Rova inafiksi, skrini inaandika usahihi wa milimita 14, kila kona ina tarakimu tatu baada ya nukta, na ramani inapendeza kweli.

Milimita 14 hizo ni kutoka kwenye besi. Besi yenyewe inaweza kuwa mita 2 au 3 kando ya mahali ilipojidai ipo. Ni sawa na fundi anayepima mbao kwa tepu iliyokatika kipande cha mwanzo: vipande vyake vyote vinaoana vyenyewe kwa vyenyewe, hadi vitakapokutana na vya fundi mwingine. Mwaka unaofuata mpima wa pili anapima mtaa wa jirani kwa besi yake ya kukisia. Ramani zote mbili zikiingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa ardhi, mitaa inapandana upande mmoja na kuacha mwanya upande mwingine. Ardhini hakuna mgogoro, majirani wanaamkiana kila asubuhi. Mgogoro uko kwenye kompyuta, lakini hati inatoka kwenye kompyuta, na mama aliyechanga fedha zake za urasimishaji anaambiwa asubiri hadi "upimaji urekebishwe". Anasubiri kwa sababu mtu hakuwa na nukta ya kuanzia. Simlaumu kijana peke yake. Aliyetakiwa kumpa nukta hiyo, karibu, hai na bila kuzungushwa, ni serikali.

Mimi nafanyaje nisipopata nukta? Naisimamisha besi juu ya alama imara, naiacha irekodi kwa saa kadhaa, jioni napeleka faili kwenye huduma ya bure ya mtandaoni. Zinazotumika sana ni AUSPOS ya serikali ya Australia na CSRS-PPP ya serikali ya Kanada. Unapakia faili, na baadaye unapokea kwa barua pepe ripoti yenye kodineti za kiwango cha sentimita. Zinafanya kazi vizuri na nazishukuru. Lakini inaniuma kuona bikoni ya Mvomero ikisubiri kuambiwa ipo wapi na kompyuta za Canberra au Ottawa. Serikali hizo zimetoa huduma hiyo bure kwa dunia nzima kwa kuwa zilishaona kwamba mahali pa kuanzia kuhesabu ni miundombinu ya umma, sawa na barabara.

Ripoti hizo nazo zina jambo ambalo wengi wetu hatulitilii maanani. Kodineti zinazorudi ziko kwenye ITRF, fremu ya kimataifa ya rejea, yaani mtandao wa nukta ambazo dunia nzima inahesabia kutoka kwake, kwa tarehe ile ile uliyopima. Tarehe ina maana, kwa sababu ardhi inatembea. Bamba la Afrika linasogea kuelekea kaskazini mashariki kwa sentimita mbili na nusu hadi tatu kila mwaka, na sisi wa Afrika Mashariki tuna la ziada: Bonde la Ufa linalitenganisha bamba la Nubia na lile la Somalia kwa milimita kadhaa kwa mwaka. Ukipima kona leo, na mwenzako akaipima baada ya miaka 10, nyote kwa kazi safi, namba zenu zitatofautiana kwa karibu sentimita 30. Huo ni upana wa matofali mawili ya inchi sita. Kwa hiyo kuandika "ITRF" pekee hakutoshi, lazima uandike na epoki, yaani kodineti ni za tarehe gani. Nchi inayojipanga huchagua epoki moja, inazigandisha namba zake hapo, kisha inatoa hesabu za kurudisha vipimo vya leo kwenye tarehe hiyo.

Tanzania ilishafanya hatua hiyo kwenye karatasi. Tuna TAREF11, fremu ya taifa iliyofungwa (iliyounganishwa kwa vipimo) kwenye ITRF, na nukta zake zilijengwa na kupimwa kwa setilaiti. Hili lilikuwa jambo kubwa na waliolifanya wanastahili heshima. Kilichobaki ni kuifanya iwe ndiyo lugha ya kazi ya kila siku, kwa kila taasisi inayogusa ardhi. Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, inampa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani mamlaka juu ya upimaji wa viwanja na mashamba. Lakini barabara inasanifiwa na wengine, bomba la maji na wengine, nguzo za umeme na wengine, leseni za madini na wengine tena. Nimewahi kukabidhiwa michoro mitatu ya eneo moja. Wa kwanza ulikuwa Arc 1960. Wa pili uliandikwa "WGS84" na basi, bila kusema umefungwa kwenye nukta gani. Wa tatu ulitoka kwenye besi ambayo mkandarasi alijiwekea mwenyewe, na alipomaliza mkataba aliondoka na kumbukumbu zake. Nilitakiwa kusema hifadhi ya barabara inakata nyumba ngapi. Kwa michoro ile, familia moja ilikuwa ndani ya hifadhi au nje yake kutegemea karatasi ipi umeishika. Fidia yao yote ilikaa kwenye tofauti ya datumu. Tulilazimika kurudi kupima upya kila kitu kutoka kwenye nukta moja.

Kimo nacho kina balaa lake. Setilaiti inakupa kimo juu ya lile umbo la hesabu, si juu ya bahari, na pwani yetu usawa wa bahari uko chini ya umbo hilo. Simama na mashine kwenye mchanga wa Coco Beach, isome bila marekebisho, itakuambia uko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri wakati mawimbi yanakulowesha miguu. Ili upate kimo cha kweli unahitaji ramani ya tofauti hizo, inayoitwa jioidi, na alama za kimo za zamani ambazo kwetu zinarejea usawa wa bahari uliopimwa Tanga. Hata Kilimanjaro imeonja jambo hili: kimo cha mwaka 1952 ni mita 5,895, na kilichopatikana kwa GPS mwaka 1999, baada ya marekebisho ya jioidi, ni 5,892.55. Mlima haukupungua. Kwa mtalii hizo ni habari za kupendeza, ila kwa anayechimba mfereji wa umwagiliaji, kosa la nusu mita kwenye kimo linamaanisha maji yanarudi yalikotoka.

Majirani zetu wana mizigo yao. Kenya ina ramani nyingi za viwanja zilizohesabiwa kwa Cassini-Soldner, mfumo wa zamani wa kuchora ramani, tena kwa futi, na wenzetu wa huko wanazigeuza kila siku. Rwanda ilichukua njia nyingine kabisa: ilisajili zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi kwa kuchora mipaka juu ya picha za anga, wananchi wenyewe wakionyesha, ikaacha usahihi wa sentimita uje baadaye. Niliwahi kuibeza njia hiyo mezani na wenzangu, lakini nikiangalia idadi ya wajane wa kwetu wasio na karatasi yoyote, naiheshimu.

Na mipaka ya nchi ndiyo inayoonyesha vizuri kwamba haya hayamalizwi na nchi moja. Magharibi ya Ziwa Victoria mpaka wetu na Uganda ulitajwa kuwa mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta. Watu wanaenda na simu Mutukula, wanatafuta mahali inapoandika digrii 1 kamili, wanashangaa hapalingani na mpaka. Mpaka uko kwenye nguzo zilizosimikwa enzi za Wajerumani na Waingereza kwa vyombo vya wakati ule. Sheria ya kazi yetu ni ile ile, kwa taifa na kwa kiwanja cha Kihonda: jiwe la mpaka lililowekwa mwanzo, kama halijaguswa, lina nguvu kuliko kodineti zake za kwenye karatasi. Eneo hilo hilo, wilaya ya Missenyi, ndipo bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linapoingia Tanzania. Bomba ni moja, likivuka mpaka haliwezi kubadili datumu.

Viongozi wa Afrika walishaliona. Desemba 2002, Windhoek, wataalamu walikubaliana juu ya AFREF, fremu moja ya rejea ya bara zima, itakayojengwa kwa vituo vya kudumu vya GNSS (jina la jumla la setilaiti kama GPS na Galileo) katika kila nchi. Kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kiko Nairobi tangu mwaka 1975 na nchi zetu ni wanachama. Tarehe 26 Februari 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 69/266 juu ya fremu moja ya dunia, likihimiza nchi zishirikiane data na kuimarisha vituo vyao. Maneno yapo, yamesainiwa. Kituo cha kudumu, hiki tunachokiita CORS, si kitu kigumu kukijenga: nguzo imara, antena, kipokezi, umeme, intaneti. Kigumu ni mwaka wa tatu, wa tano, wa kumi, pale mradi ulioleta fedha umeisha na lazima mtu alipie intaneti, abadilishe betri, akate matawi ya mti uliokua mbele ya antena. Hapo panahitaji fungu la bajeti ya kila mwaka lenye jina, na ofisa mwenye wajibu huo kwenye maelezo ya kazi yake.

Ninachokiomba kinawezekana kwa watu tulio nao. Nukta zote za taifa, za zamani na mpya, ziwekwe hadharani na kodineti zake, ramani ya kufikia na hali yake, ili kijana wa mtaa wa urasimishaji azipate kwenye simu yake kabla hajatoka nyumbani. Hesabu rasmi za kugeuza Arc 1960 kuwa TAREF11 zitolewe kwa kila kanda, kwa sababu zile thamani za wastani zinakosea mita kadhaa, na kila mmoja wetu sasa ana zake alizozikokotoa. Data za vituo vya kudumu ziwe wazi kwa yeyote, bure au kwa ada ambayo mpima wa wilayani anaweza kuilipa. Na mchoro wowote unaolipiwa na fedha za umma, uwe wa shule, bomba au barabara, usipokelewe kama haujaandikwa datumu, zoni (kanda ya ramani ambamo namba zimehesabiwa), epoki na nukta ulikofungwa. Mstari mmoja chini ya karatasi ungetosha kumlaza usingizi yule mzee wa reli.

Kwa wenye viwanja: tafuteni mawe yenu leo, yafyekeeni, yapigeni picha pamoja na kitu kinachotambulika nyuma yake. Msiyang'oe wakati wa kujenga ukuta, na fundi akisema limemkalia vibaya, aite mpima kwanza. Simu itumike kukupeleka karibu na jiwe, isitumike kukuambia mpaka ulipo.

Kwa wapima wenzangu wa Morogoro, Mvomero, Kilosa na Ifakara: nakusanya kumbukumbu za nukta za zamani ambazo bado zimesimama, pamoja na zile mlizozipima kwa saa nyingi na kuzifunga vizuri. Nitumieni namba ya nukta, picha na faili ghafi la besi. Juni, masika yakiisha na njia za milimani zikikauka, tutaziweka mashine zetu juu ya nukta hizo kwa siku moja, saa zile zile, kisha matokeo tutayapeleka kwenye ofisi ya upimaji ya mkoa, na nakala nitaiweka hapa kwa kila mtu.